Msitu wenye daftari la madeni: uchambuzi wa albamu ya The Hazards of Love

Msichana amepanda farasi, amevuka mpaka wa nchi anayoijua, na huko anamkuta mtoto wa paa, mweupe, amejeruhiwa. Anashuka kumganga. Akiwa bado amemshika, mnyama anageuka kijana wa kiume. Hapo ndipo inapoanzia hadithi ya The Hazards of Love, albamu ya mwaka 2009 ya The Decemberists, kundi la roki kutoka mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Ni nyimbo 17, karibu saa nzima, nyingi zikiungana bila pengo, na zote zinasimulia kisa kimoja cha msitu uliorogwa.

Albamu za namna hii ziko nyingi, na nyingi hazidumu masikioni. Mtunzi anaweka milio ya ndege, filimbi mbili tatu, malkia mwenye jina la ajabu, kisha anategemea msikilizaji aione miti. Haioni. Mahali pa kubuni hapasimami kwa mapambo. Panasimama kwa sheria: humu ndani kinaruhusiwa nini, kinakatazwa nini, na anayevunja sheria anatozwa nini. The Hazards of Love ina kasoro, tena si ndogo, na nitazieleza. Lakini msitu wake unaaminika kuliko msitu mwingine wowote niliowahi kuusikia ndani ya muziki, na sababu ninaijua. Karibu kila anayeishi humo anadaiwa. Ni msitu wenye daftari la madeni, na jina likishaandikwa halifutwi mpaka lilipiwe.

Jina la albamu, ambalo maana yake ni hatari za mapenzi, halikubuniwa na kundi hili. Mwaka 1964 mwimbaji wa nyimbo za jadi kutoka Uingereza, Anne Briggs, alitoa santuri ndogo yenye nyimbo nne kwa jina hilohilo. Colin Meloy, mwimbaji na mtunzi mkuu wa The Decemberists, aliipenda sana santuri hiyo, akaona kwamba ndani yake hamna wimbo wenye jina lililo juu ya jalada. Akaamua kuutunga yeye. Ukizisikiliza nyimbo nne za Briggs utaona mbegu zimeshalala pale. Katika mmoja, mwindaji anampiga risasi mpenzi wake akidhani ni batamaji. Katika mwingine, mwanamke anatokewa ndotoni na mpenzi aliyekufa maji. Katika mwingine tena, binti anaachwa na mimba ya baharia. Mtu anayefanana na mnyama, kifo cha maji, mimba isiyo na ndoa: vyote vitatu vimo ndani ya kisa cha Meloy, na wimbo mmoja aliotaka kuutunga uliishia kuwa saa nzima.

Kuna chimbuko jingine, la zamani zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19, kati ya 1882 na 1898, msomi wa Marekani Francis James Child alichapisha mkusanyo wa nyimbo 305 za masimulizi za Uingereza na Uskochi. Wa 39 ni Tam Lin. Msichana, ambaye katika baadhi ya matoleo anaitwa Janet na katika mengine Margaret, anaingia katika msitu wa Carterhaugh alikokatazwa, anapata mimba kwa kijana aliyetekwa na Malkia wa viumbe wa msituni, kisha anarudi kumkomboa. Kijana anamweleza siri inayomtisha: kila baada ya miaka 7 viumbe hao hulipa zaka kuzimu, na safari hii anahofu kwamba zaka yenyewe ni yeye.

Hapo ndipo deni lilipoingia msituni. Katika nyimbo hizo za kale uchawi hautolewi bure. Anayekupa uhai amekukopesha, na atakuja kuudai. Meloy, naamini, alilielewa hili vizuri kuliko watunzi wengi walioazima mabinti na mapepo ya nyimbo hizo huku wakiacha hesabu yao nyuma.

Kundi halikurukia kazi hii bila mazoezi. Mwaka 2004 lilikuwa limetoa The Tain, wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 18 uliojengwa juu ya utendi wa kale wa Ireland. Mwaka 2006 ikafuata The Crane Wife, albamu yao ya kwanza na kampuni kubwa ya Capitol, iliyobeba ngano ya Kijapani ya mwanamke aliyekuwa korongo. Kwa hiyo kusimulia kwa urefu walikuwa wameshakuzoea. Shida iliyotokea safari hii ilikuwa ya aina nyingine. Meloy alianza kuiandika hadithi yake kama mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, halafu ikaonekana kwamba jukwaa haliifai, na kazi ikageuka albamu.

Tafakari maana yake. Jukwaani, mavazi yanakuambia nani malkia na nani mhuni. Taa inakuambia usiku umeingia. Mtu akigeuka paa, unamwona. Katika albamu vyote hivyo vimeondoka, imebaki sauti peke yake, na hadithi ina watu wanne wakuu, msimulizi, mto, na watoto waliokufa. Hiyo ndiyo hali iliyolikabili kundi, pamoja na Tucker Martine aliyesimamia urekodi, na kila uamuzi mzuri au mbaya ndani ya albamu hii ni jibu kwa hali hiyo.

Jibu la kwanza ni la subira. Albamu inafunguliwa kwa utangulizi usio na maneno, wa dakika tatu hivi, unaoanza chini kabisa kwa sauti ya kinanda ambayo mwanzoni huna hakika kama unaisikia. Inapanda polepole sana. Wasikilizaji wengi huiruka sehemu hii, nami nawasihi wasiiruke, kwa kuwa ndiyo paukwa pakawa ya hadithi: inakutoa ulipokuwa na kukuzoesha mwendo wa mahali unapoingia. Msitu huu hauna haraka.

Jibu la pili ni la sauti za watu. Margaret, yule msichana aliyemkuta paa, aliimbwa na Becky Stark wa kundi la Lavender Diamond, mwenye sauti nyepesi na angavu isiyoficha kitu. Malkia wa msitu aliimbwa na Shara Worden wa kundi la My Brightest Diamond, ambaye siku hizi anaitwa Shara Nova, mwenye sauti iliyofunzwa kwa opera. Wawili hawa huwezi kuwachanganya hata ukiwa chumba cha pili. Ngano zetu za jioni zina ufundi huohuo: mtoto aliyepotea ana wimbo wake, zimwi lina wimbo wake, na msikilizaji aliyesinzia akizinduka anajua nani anazungumza kabla hajashika neno.

Jibu la tatu ni mahadhi yanayorudi. Nyimbo nne zina jina la albamu na zimepewa namba, 1 hadi 4, zikiwa zimetawanywa mwanzoni na mwishoni. Muziki mzito unaomsindikiza Margaret anapoondoka nyumbani na tumbo lake ndio uleule unaorudi anapotekwa. Halikutamkwa neno lolote kueleza uhusiano wa matukio hayo mawili. Sikio linaupata lenyewe: njia iliyompeleka kwa mpenzi wake ndiyo iliyompeleka kwa mtekaji.

Kiini cha yote ni wimbo mmoja wenye sehemu mbili, The Wanting Comes in Waves/Repaid. Kabla yake Margaret na William, yule kijana aliyekuwa paa, wamekutana msituni, na kodiani, chombo ambacho watu wa pwani tumekizoea katika taarab, imewapigia dansi laini ya mapigo matatu. Halafu William anasimama mbele ya mama yake mlezi, Malkia wa msitu. Anaomba. Muziki wake una hapsikodi, kinanda kile cha kizamani cha nyuzi zinazodonolewa, na kiitikio kinachopaa mpaka unahisi kijana huyu anaweza kushinda. Ghafla kila kitu kinakatika. Linaingia gitaa zito, la taratibu, lenye mapigo ya kukokota, na sauti ya Worden inashuka juu yake.

Malkia hapigi kelele za hasira. Anasoma hesabu. Alimwokota kijana huyu akiwa mtoto mchanga aliyetupwa, akamwokoa na kifo, akampa umbo la paa ili awe salama. Na shukrani yake ndiyo hii? Kisha anakubali, na kukubali kwake kunatisha kuliko kukataa: atampa usiku mmoja wa kuwa mtu na kumpenda huyo binti, asubuhi atamchukua moja kwa moja, na deni litakuwa limelipwa. Wakati anayasema haya, William naye bado anaimba kiitikio chake kilekile, na hizo sauti mbili, hapsikodi na gitaa, zinapokezana bila kukubaliana. Sijui mahali pengine katika roki ambapo mkataba umesainiwa kwa muziki wazi namna hii.

Inafaa kuangalia jinsi Malkia alivyoumbwa, maana ndiye anayeubeba msitu mzima. Mtunzi mvivu angemfanya mchawi mbaya tu. Huyu ni mama. Madai yake ni ya kweli, mtoto alimwokoa kwelikweli, na uchungu wake ni wa mzazi anayeona aliyemlea anaondoka. Ubaya wake ni kwamba wema wake ulikuwa mkopo tangu siku ya kwanza. Nani hajawahi kumjua mzazi au mfadhili wa namna hiyo? Kwa sababu hiyo uchawi wake unatufikia, sisi tusiojua paa mweupe wala misitu ya baridi.

Baada ya hapo anaingia Mhuni, mtekaji wa Margaret, na wimbo wake ulitangulizwa kwa umma kabla ya albamu kutoka. Naelewa kwa nini ulichaguliwa: ndio unaosimama peke yake bila kuhitaji hadithi. Mjane aliyechoshwa na ulezi anaeleza, kwa ngoma nzito na kiitikio cha furaha, jinsi alivyowaua watoto wake watatu baada ya mke wake kufa akijifungua wa nne. Ni wimbo wa kuchukiza, na umekusudiwa uchukize. Ila hauna hata mti mmoja, na walioisikia albamu kwa mara ya kwanza kupitia wimbo huo walikuja wakitarajia kitu tofauti na walichokikuta. Ndani ya hadithi unafanya kazi moja ya lazima. Unafungua ukurasa mwingine katika daftari: huyu naye ana deni, kwa watu watatu wadogo ambao hakuna anayewadhania.

Mhuni anamteka Margaret na kufika kwenye mto usiovukika. Malkia anamvusha. Ni uovu mkubwa kuliko wote aliofanya, naye anauona kama utunzaji: huyu amemwondolea mwanawe kishawishi. Kisha William anafika ukingoni, na hana wa kumvusha. Mto unaitwa Annan Water. Mto Annan ni wa kweli, uko kusini mwa Uskochi na unamwaga maji yake katika mlango wa bahari wa Solway, na kuna wimbo wa jadi wa mpenzi anayezama akijaribu kuuvuka usiku. Meloy aliuchukua mto na kifo chake, akaongeza kitu kimoja ambacho mimi naona ndicho kilele cha utunzi wake. William anaahidiana na maji. Tulia nipite, na nitakaporudi unichukue.

Ona kilichotokea. Kijana amekimbia deni moja kwa kukopa jingine, na la pili haliwezi kukimbiwa, kwa sababu njia ya kurudi ni ileile. Kuanzia hapo mwisho unajulikana. Msikilizaji anajua, William anajua, ni Margaret peke yake asiyejua. Muziki wenyewe unakwenda mbio, gitaa linapapaswa kwa haraka kama maji yanavyokwenda, kisha unasimama ghafla kwenye viitikio na kuacha sauti ya Meloy karibu peke yake. Kwa wimbo huu tu ningeitetea albamu yote.

Madeni yanalipwa kwa mfululizo. Watoto wa Mhuni wanatokea, wanaimba wenyewe kwa sauti za watoto, kila mmoja akimweleza baba jinsi alivyomuua, na mahadhi wanayoyaimba ndiyo yaliyofungua hadithi, yale ya msichana na paa. Margaret anaokolewa. Wapenzi wanarudi mtoni, maji yanadai, nao wanazama pamoja wakiapiana ndoa. Wimbo wa mwisho ni wa polepole, una gitaa la chuma la kuteleza linalosikika zaidi katika muziki wa kantri wa Marekani, na baada ya vishindo vya saa nzima unashangaza kwa utulivu wake.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ya kiufundi na ingeweza kuepukwa: Meloy anaimba William, anaimba Mhuni, na anaimba msimulizi. Wanawake wawili walipewa sauti zisizochanganyika, halafu wanaume wote wakapewa sauti moja. Matokeo ni kwamba msikilizaji asiye na karatasi ya maneno mkononi anaweza kudhani mpenzi na mtekaji ni mtu mmoja. Ukiongeza mapenzi ya Meloy kwa msamiati wa Kiingereza cha kale, ambao hata wenye lugha yao huufuata kwa kamusi, unapata hadithi inayopotea mikononi mwa watu waliokuwa tayari kuifuata. Mwimbaji wa pili wa kiume angemaliza tatizo lote.

Ya pili ni nzito zaidi, na sijawahi kuisamehe. Katika Tam Lin, anayemkomboa kijana ni yule mwanamke mwenye mimba. Anamvuta chini kutoka kwenye farasi, anamkumbatia, na Malkia anamgeuza kijana nyoka, mnyama mkali, kaa la moto, ili amwachie. Hamwachii. Anashinda kwa kushika tu. Ni moja ya picha kubwa kabisa za upendo katika nyimbo za jadi za Ulaya. Margaret wa Meloy anaanza vizuri, anaingia msituni kwa miguu yake na kuamrisha matawi yamtandikie kitanda, na wimbo wake wa kwanza una gitaa lenye nguvu kama la Malkia. Halafu anatekwa, na kuanzia hapo kazi yake ni kuita. Hana deni na mtu yeyote, ndiye pekee katika hadithi, na bado anazama kulipia ahadi ambayo hakuiweka. Ningelikubali hilo kama ukatili wa makusudi wa sheria ya msitu, kama angalau mara moja angepewa nafasi ya kusema neno kuhusu hesabu hiyo. Hakupewa. Mtoto wake aliye tumboni hatajwi tena. Mtunzi aliyeyakumbuka madeni yote amelisahau hili.

Albamu ilitoka Machi 2009 na kufika nambari 14 katika chati ya albamu ya Billboard, matokeo mazuri kwa kazi isiyoweza kukatwa vipande, wakati ambapo wasikilizaji walikuwa wamezoea kununua wimbo mmojammoja kwenye intaneti. Wahakiki waligawanyika. Baadhi walisifu ujasiri, baadhi waliona gitaa zito na mabinti wa msituni ni mzigo uliopitiliza. Kundi lenyewe halikusita: mwezi huohuo liliipiga yote mwanzo hadi mwisho katika tamasha la South by Southwest mjini Austin, Texas, na katika ziara ya mwaka huo likaendelea kuipiga nzima katika nusu ya kwanza ya onyesho. Stark na Worden walikuwepo jukwaani, na hapo sehemu ya tatizo la sauti ilitatuliwa, maana watu waliwaona wanaoimba. Katika wimbo wa Mhuni wanamuziki waliacha vyombo vyao wakashika ngoma. Yaani hadithi iliyokataliwa na jukwaa ilirudi jukwaani na kueleweka vizuri kuliko ndani ya santuri.

Kazi iliyofuata, The King Is Dead ya Januari 2011, ilirekodiwa katika ghala la shambani karibu na Portland. Nyimbo fupi, hazina hadithi moja, hazina malkia. Ilifika nambari moja. Wapo wanaosema hiyo ni hukumu ya soko juu ya msitu, nami sikubali: ile saa moja ya 2009 ndiyo iliyowafundisha kuacha nafasi kati ya ala na ala, na nafasi hiyo inasikika katika kila wimbo wa 2011.

Meloy hakuuacha msitu. Mwaka huohuo wa 2011 alitoa riwaya ya watoto, Wildwood, iliyochorwa na mke wake Carson Ellis, na safari hii msitu alioutumia ni ule aliokuwa akiishi nao jirani, Forest Park ya Portland, akauvika uchawi. Kunguru wanamnyakua mtoto mchanga na kumpeleka ndani ya miti. Baadaye tunajua sababu: wazazi wake, waliokosa mtoto, waliwekeana mkataba na mwanamke mwenye nguvu wa msituni, akawapa uzazi kwa sharti kwamba mtoto wa pili awe wake. Deni tena, na mtoto tena, na mama asiye wa kuzaa anayedai chake. Ila anayeingia msituni kumfuata mtoto ni msichana wa miaka 12, dada yake, Prue. Naye hakai kumngoja mtu wa kuja kumvusha.